Mwongozo wa kununua miksa ya studio: hesabu njia za kurudi kabla ya kuhesabu maiki

Ukiingia duka la vyombo vya muziki Kariakoo ukaulizia miksa ya kuunganisha na kompyuta, muuzaji atakujibu kwa kuhesabu matundu. Hii ina maiki nne, hii nane, ile pale kumi na mbili, chukua hii bosi. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini si ya mtu anayetaka kurekodi na kuchanganya muziki kwa programu. Anayefanya kazi na FL Studio, Cubase au Reaper ana hesabu nyingine mbili za kufanya: ni sauti ngapi zinaingia kwenye kompyuta kila moja peke yake, na ni ngapi zinarudi kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye miksa, nazo kila moja peke yake. Hiyo ya pili ni nadra kutajwa dukani. Ndiyo inayotenganisha miksa ya laki kadhaa na ya milioni na zaidi, hata zote mbili zikiwa na maiki nane.

Mimi nilifunzwa na kwaya. Tuliweka maiki sita, kinanda na gita la besi kwenye miksa moja, tukachomeka waya wa USB kwenye laptopu, tukarekodi kutwa nzima. Boksi lilikuwa limeandikwa USB kwa herufi kubwa, nami nikaamini kila chaneli itapata traki yake. Jioni nilipofungua kazi nikakuta traki moja tu ya stirio, kulia na kushoto, kila kitu kimo ndani yake. Kesho yake mwalimu wa kwaya akavaa hedifoni, akasikiliza nyimbo mbili bila kusema neno, kisha akaniambia, "Mwanangu, wapunguze sauti ya kwanza kidogo, wanaifunika besi."

"Mwalimu, hawapunguziki peke yao. Nikiwashusha wao, na besi inashuka."

Pilau ikishaiva huwezi kuchomoa chumvi. Tukaita watu upya Jumamosi iliyofuata, na wanne hawakuweza kuja. Ile kanda ya pili haikupata tena nguvu ya ile ya kwanza. Tangu siku hiyo sinunui wala sishauri kifaa kabla ya kujua njia zake zinakwenda wapi na zinarudi wapi.

Amua kwanza utachanganyia wapi

Kuna anayechanganya kila kitu ndani ya kompyuta: feda (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) ni za kwenye skrini, EQ (marekebisho ya besi na ukali) ni ya programu, riverbu (mwangwi wa kutengenezwa) ni ya plagini, yaani nyongeza ya programu. Huyu hahitaji miksa kabisa. Anahitaji intafesi (kisanduku cha kuingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta) nzuri ya maiki mbili na njia mbili za kutokea kwenda kwenye spika, na pesa itakayobaki anunue maiki bora na mapazia mazito ya kuua mwangwi wa chumba. Nalisema wazi kwa sababu wengi wanaoniuliza "ninunue miksa ipi" ni wa kundi hili. Kama unatengeneza biti kwenye FL Studio na kurekodi msanii mmoja mmoja, unaweza kuacha kusoma hapa, ukaenda kununua hiyo intafesi ukiwa na amani.

Kuna anayetaka kuchanganya kwa mikono. Kila kundi la sauti litoke kwenye programu kwa njia yake, liingie kwenye chaneli yake ya miksa, lipandishwe na kushushwa kwa feda unayoishika. Huyu ndiye anayepaswa kuhesabu njia za kurudi.

Na kuna wa katikati, mwenye bendi au kwaya. Anarekodi watu wote kwa pamoja. Miksa inawapa waimbaji sauti kwenye hedifoni na spika huku kompyuta ikipokea kila maiki kwenye traki yake, na kuchanganya kutafanyika baadaye. Huyu anahesabu zaidi njia za kwenda.

Zamani swali hili halikuwapo. Kompyuta ya Atari 520ST ilipotoka mwaka 1985 ikiwa na matundu ya MIDI (lugha ya amri kati ya kompyuta na vyombo), na Cubase ilipoanza kutumika kwenye mashine hizo mwaka 1989, sikwensa, yaani programu ya kupanga noti, haikubeba sauti hata moja. Ilituma amri tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, sasa iachie. Sauti ilitoka kwenye vinanda na mashine za ngoma, kila kimoja na waya wake hadi kwenye miksa. Leo ngoma, besi na kinanda vinaishi ndani ya kompyuta, na kompyuta kwa kawaida inatoa njia mbili tu. Ndiyo maana kazi ya kuvitoa kimoja kimoja imekuwa jambo la kununuliwa.

Njia nane zinatosha

Nimejaribu kuchanganya kwa njia nne, nane na kumi na sita. Nne hubana. Kumi na sita ni raha, lakini chumba kidogo hakina haja nazo. Nane ndizo zinazokaa sawa, na mimi huzigawa hivi: ya kwanza ni kiki ya ngoma peke yake, ya pili besi, ya tatu na ya nne ngoma zilizobaki kwa stirio, ya tano na ya sita kinanda na magita, ya saba sauti ya mwimbaji wa mbele, ya nane waitikiaji. Kila kundi huandaliwa ndani ya programu kwanza, ili miksa ibaki na kazi moja ya kuweka uwiano.

Kisha kuna njia mbili ambazo watu huzisahau. Ukimaliza kuchanganya kwenye miksa, wimbo wako uko kwenye waya, haujawa faili. Lazima urudi kwenye kompyuta kwa njia mbili za kuingia, na urekodiwe kwa muda wake wote. Wimbo wa dakika nne utakula dakika nne, na ukikosea sekunde ya mwisho unaanza upya. Vitufe vya miksa ya analogi havikumbuki kitu, kwa hiyo kabla ya kugusa wimbo mwingine piga picha ya miksa nzima kwa simu, kutoka juu kabisa, mwanga ukiwa wa kutosha kuonyesha mshale wa kila kitufe. Msanii atarudi baada ya wiki mbili akitaka sauti ipande kidogo, na picha hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Ukiniuliza miksa inakupa nini ambacho kompyuta haikupi, nitakujibu: mwimbaji kujisikia bila kuchelewa. Sauti ikipita kwenye kompyuta lazima isubiri bafa, yaani fungu la sampuli linalojazwa kabla ya kuchakatwa. Bafa ya sampuli 128 kwa kilohezi 48 ni karibu milisekunde 2.7, ya 512 ni karibu 10.7, na hiyo ni safari ya upande mmoja. Kuna kwenda na kurudi. Laptopu ya mtumba yenye plagini kumi na mbili haiwezi kufanya kazi kwa bafa ya 128 bila kukatakata. Miksa inamrudishia mwimbaji sauti yake kwenye hedifoni kabla haijafika kwenye kompyuta, kwa hiyo unaacha bafa ikae 512 na hakuna anayeona tofauti. Kumbuka tu kuzima kujisikia kwa ndani ya programu, la sivyo atasikia sauti yake mara mbili.

Nafasi ya kwanza: TASCAM Model 12

Kwa mtu anayeanza bila miksa wala intafesi, hii ndiyo ninayoiweka juu. Sababu yake ni swichi moja ndogo. Kila chaneli ina swichi ya kuchagua isikilize nini: LIVE, yaani maiki au chombo kilichochomekwa, MTR, yaani kilichorekodiwa kwenye kadi ya SD, au PC, yaani traki inayotoka kwenye kompyuta. Wakati wa kurekodi unaiweka LIVE. Wakati wa kuchanganya unaihamishia PC, na feda ileile, EQ ileile, sasa inashika traki badala ya maiki. Hakuna waya uliochomolewa wala kuchomekwa. Anayejua adha ya kuchomoa nyaya kumi na sita usiku wa manane ataelewa thamani ya swichi hiyo.

Inapeleka njia 12 kwenye kompyuta na kupokea 10. Katika zile 12, mbili za mwisho ni jumla ya miksa yenyewe, kwa hiyo wimbo uliochanganywa unarudi kwenye programu kwa waya uleule wa USB. Inarekodi pia kwenye kadi ya SD bila kompyuta. Nimewahi kuona laptopu ikiganda katikati ya wimbo mzuri kuliko zote za siku, na tukaikuta kazi salama kwenye kadi. Kwa hilo peke yake ningelipa zaidi.

Jambo moja ulijue mapema: kwa kawaida kinachokwenda kwenye kompyuta kinachukuliwa kabla ya EQ. Geni (kiasi cha kukuza sauti inayoingia) na kompresa (kibanaji cha sauti kubwa) vinarekodiwa, EQ na feda hapana. Wapo wanaodhani ni kasoro. Mimi naiona salama, maana EQ niliyokosea usiku haibaki imegandamana kwenye traki. Ila kompresa uifungue kwa kiasi, kwa kuwa hiyo huwezi kuirudisha.

Kikomo chake ni kilohezi 48, kinachotosha kwa kazi yoyote ya redio, YouTube na video. Ndugu zake wakubwa, Model 16 na Model 24, wana 16 kwenda na 14 kurudi, na 24 kwenda na 22 kurudi. Model 24 ni kubwa kama meza ya chakula ya watu wawili. Pima chumba kabla ya kutoa pesa.

Nafasi ya pili: Soundcraft Signature 12 MTK

Hii ina njia 14 kwenda na 12 kurudi, na kila chaneli ina kitufe cha kuleta sauti ya kompyuta kwenye feda, sawa na nilivyoeleza juu. Riverbu zake ni za Lexicon na ni tamu kwa sauti za watu. Kwa waitikiaji wa kwaya mimi huzipenda kuliko za Model 12. Kwa kuchanganya tu, bila kurekodi moja kwa moja, ningeweza kuipa nafasi ya kwanza. Imeshuka kwa sababu haina kadi ya SD, na kwenye Windows haitafanya kazi ipasavyo mpaka uweke draiva yake ya ASIO, yaani programu ndogo inayokiunganisha kifaa na programu ya muziki. Kwenye Mac unachomeka na kuendelea.

Kuwa macho na herufi tatu. Kuna Signature 12 na kuna Signature 12 MTK. Kwa mbali zinafanana, hata mpangilio wa feda. Ile isiyo na MTK ina USB ya njia mbili kwenda na mbili kurudi, basi. Ukiona mtu anauza "Signature 12" iliyotumika kwa bei ya kupendeza, mwombe picha ya jina lililoandikwa juu ya kifaa chenyewe, si ya boksi. Mtego huu uko kwa kampuni nyingi: jina moja, matoleo mawili, na tofauti ni herufi pembeni.

Nafasi ya tatu: intafesi ya njia nyingi pamoja na miksa uliyonayo

Kwa kanisa, bendi au studio ambayo tayari ina miksa nzuri ya analogi, hii inapanda hadi nafasi ya kwanza, na sitaki mtu auze miksa yake nzuri kwa sababu ya orodha yangu. Behringer UMC1820 ina priampu (vikuza sauti vya maiki) nane na njia kumi za analogi za kutoka. Focusrite Scarlett 18i20 ina priampu nane na njia kumi vilevile, bei yake ni kubwa zaidi, na programu yake ya kupanga njia ni safi sana kutumia. Ukiwa na fedha kidogo, UMC404HD inakupa nne kwenda na nne kurudi, na hapo utagawa hivi: ngoma na besi kwenye mbili, vyombo na sauti kwenye mbili.

Zote mbili kubwa zina tundu la mwanga la ADAT, linalobeba chaneli nane kwa kilohezi 48 au nne kwa 96. Maana yake baadaye unaweza kuongeza kifaa kama ADA8200 ukapata nane nyingine kwenda na nane kurudi bila kutupa ulichonunua. Usije ukanunua intafesi mbili ndogo ukidhani utazijumlisha. Kwenye Windows, programu nyingi hushika draiva moja tu ya ASIO kwa wakati mmoja. Mac inaweza kuziunganisha mbili ziwe kama kifaa kimoja, lakini saa zake za ndani zikipishana utasikia mikatiko midogo kwenye sauti.

Gharama iliyojificha ni nyaya. Nane za kurudi, nane za kwenda, zote za jeki ya TRS, ile yenye ncha, pete na shina. Kwa zile za kwenda, miksa nyingi za analogi hazina njia ya kutokea kwa kila chaneli, lakini zina matundu ya inserti nyuma. Hapo kuna ufundi mdogo ambao fundi yeyote wa redio anaweza kukufanyia: kwenye jeki ya TRS inayoingia kwenye inserti, aunganishe ncha na pete kwa risasi kidogo. Ncha ndiyo inayotoa sauti ya chaneli, pete ndiyo inayoirudisha. Zikiunganishwa, sauti inaendelea na safari yake ndani ya miksa kama kawaida, na wakati huohuo nakala yake inatoka kwenda kwenye intafesi. Geni ya maiki inarekodiwa, feda hairekodiwi, na mtu wa mitambo ya kanisa anaweza kupandisha na kushusha anavyotaka bila kuharibu kazi yako.

Sauti inayorudi iingize kwenye tundu la laini, usiiingize kwenye la maiki. Kisha sawazisha viwango kabla ya muziki: peleka mlio wa hezi 1000 kutoka kwenye programu ukiwa desibeli 18 chini ya kilele, na urekebishe geni ya kila chaneli mpaka taa ya miksa isome sifuri. Vifaa vya studio hutumia kiwango kinachoandikwa +4, na vya nyumbani −10. Tofauti yao ni karibu desibeli 12. Mtu asiyelijua hili hupandisha feda mpaka mwisho na kulalamika kuwa miksa ina kelele ya chinichini.

Nafasi ya nne: Behringer XR18

Kisanduku kisicho na feda hata moja, unakiendesha kwa tableti au kompyuta. Priampu 16 zilizosanifiwa na Midas, USB ya njia 18 kwenda na 18 kurudi, njia sita za AUX kwa hedifoni na monita za waimbaji. Na inakumbuka. Ukihifadhi mpangilio wa wimbo leo, ukiufungua mwezi ujao kila kitu kinarudi mahali pake, jambo ambalo hakuna miksa ya analogi katika mwongozo huu inaweza kufanya. Kwa bendi inayosafiri, au kwaya inayorekodi ibada, hii ningeiweka mbele ya zote.

Nimeishusha kwa sababu msomaji ninayemwandikia anataka kuchanganya kwa mikono, na kidole kwenye kioo hakikupi hisia ya feda mbili zinazopishana. Pia Wi-Fi yake ya ndani ni dhaifu. Ukumbi ukijaa watu wenye simu, tableti hupoteza mawasiliano. Nunua ruta ndogo uichomeke kwa waya tangu siku ya kwanza.

Nafasi ya tano: miksa ndogo za USB ya stirio

Yamaha MG10XU, Behringer X1204USB na wenzao. Ni vifaa vizuri kwa podikasti, kwa mwimbaji mmoja juu ya biti, kwa mwalimu anayerekodi masomo. Hapa ndipo kwaya yangu iliponaswa. Kati ya jamii hii ninayoipendekeza ni Allen & Heath ZEDi-10, kwa sababu USB yake ni nne kwenda na nne kurudi. Nne si nane, lakini unaweza kuweka ngoma na muziki upande mmoja na sauti upande mwingine, ukachanganya.

Kuna hatari moja ya miksa hizi ambayo lazima niieleze kwa utulivu, maana inaweza kuunguza spika. Miksa inapeleka jumla yake kwenye kompyuta. Kompyuta ikiwa imewasha kujisikia, inairudisha sauti hiyo kwenye miksa. Miksa inaijumlisha na kuipeleka tena. Ndani ya nusu sekunde utasikia mluzi mkali. MG10XU ina swichi ya kupeleka sauti ya USB kwenye monita tu badala ya jumla kuu, na hiyo inaukata mzunguko. Tafuta swichi ya namna hiyo kwenye yoyote utakayonunua.

Kwenye X1204USB na miksa nyingine zenye ALT 3-4, yaani jozi ya pili ya njia za kutokea, kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi ukiwa na intafesi pembeni. Kitufe cha myuti hakiui chaneli. Kinaihamishia ALT 3-4. Chomeka ALT 3-4 kwenye intafesi. Chaneli ya maiki unayotaka kurekodi, bonyeza myuti yake: sasa inakwenda kwenye kompyuta peke yake. Sauti inayorudi kutoka kwenye kompyuta iingize kwenye chaneli ya stirio, usiibonyeze myuti: inakwenda kwenye spika. Njia mbili zisizokutana, na mluzi hauna pa kuanzia.

Usichokinunua

Maduka yamejaa miksa zenye tundu la USB bapa, lile la kuchomeka flashi, pengine na Bluetooth na kioo kidogo kinachoonyesha namba za nyimbo. USB hiyo kwa kawaida ni ya kucheza MP3. Haipeleki wala kupokea chochote kutoka kwenye kompyuta. Kwa sherehe na mikutano zinafaa, kwa studio ni pesa iliyopotea. Angalia umbo la tundu: la kompyuta mara nyingi ni lile la mraba linalofanana na la printa, au USB-C kwenye vifaa vipya. Hata ukiliona la mraba, bado uliza idadi ya njia.

Programu na umeme

Programu nazo zina mipaka. FL Studio toleo la Fruity halirekodi sauti ya maiki. Unahitaji Producer na kuendelea. Ukiwa nalo, chagua draiva ya ASIO ya kifaa chako, kisha kwenye miksa ya ndani kila traki ina mahali pa kuchagua itokee njia ipi. Kwenye Cubase bonyeza F4 uongeze njia za kutoka moja moja. Reaper ndiyo rahisi kuliko zote kwa kazi hii: fungua upangaji wa traki, ongeza njia ya kifaa, chagua namba, na uikate ile inayokwenda kwenye jumla ili sauti isitoke mara mbili. Leseni yake ni dola 60 kwa mtu binafsi, na unaijaribu siku 60 kwanza.

Mvumo wa umeme ukikusumbua, chomoa chaja ya laptopu kwa dakika moja. Mvumo ukinyamaza, umempata mkosaji: vichomeke vyote kwenye kebo moja ya umeme na utumie nyaya za TRS kila mahali. Weka UPS, na miksa yenyewe uichomeke humo pamoja na laptopu, kwa sababu laptopu ina betri yake na miksa haina. Miksa ndogo nyingi hutumia adapta zenye volti zake. Ukinunua iliyotumika bila adapta yake ya asili, mwache muuzaji nayo.

Siku ya kununua, nenda na laptopu yako ikiwa na Reaper na draiva ya kifaa uliyokwisha kuipakua nyumbani. Mwombe muuzaji akuwashie. Fungua orodha ya njia za kutoka uzihesabu mwenyewe. Kisha peleka mlio kwenye njia ya tatu peke yake, weka kidole kwenye feda ya tatu, na uipandishe polepole. Sauti ikitoka hapo, hamia ya nne, mpaka umalize zote.